Gari Bovu na Kijana Aliyesingiziwa

Haya ni makala ya gari, lakini si ya gari peke yake. Yanamhusu pia kijana mmoja wa Kawangware aliyepoteza kazi kwa kosa asilolitenda, na mtu mmoja aliyenyamaza kijana huyo alipokuwa akidhulumiwa. Mtu huyo ni mimi niandikaye. Mficha uchi hazai. Kwa hivyo nitakieleza kisa chote kama kilivyokuwa, na ndani yake mtapata pia elimu kidogo ya kutafuta maradhi ya gari la zamani lililotiwa mitambo mipya.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1976, jeupe, nililolirithi kwa marehemu baba. Wasomaji wa makamo yangu hawahitaji kuelezwa gari hilo lilikuwa nini katika nyumba zetu. Lilichukua bibi harusi, likachukua wagonjwa, likachukua jeneza, na siku za Idi likachukua watoto wa mtaa mzima kwa zamu. Baba alipofariki, ndugu zangu walitaka liuzwe. Mimi nikakataa, nikalipandisha Nairobi nilikokuwa nikifanya kazi. Huko ndiko taabu ilikoanza.

HEWA YA BARA

Waliopata kuendesha magari ya kabureta kati ya Mombasa na Nairobi wanaijua taabu moja ya siku nyingi. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu yapata mita 1,700. Huko juu hewa ni nyepesi, na mkandamizo wake ni kama sehemu 82 tu kwa kila sehemu 100 za hewa ya pwani. Kabureta haina habari ya jambo hilo. Tundu lake la petroli ni lile lile, pwani na bara. Basi gari lililotengenezwa vizuri Mombasa likifika Nairobi hupata petroli nyingi kuliko hewa, likatoa moshi mweusi, plagi zikafanya masizi, na nguvu zikapungua mlimani. Mafundi wa zamani walikuwa wakibadili jeti, yaani vile vitundu vya petroli, kila gari lilipohama.

Mpwa wangu aliye Maskati aliposikia malalamiko yangu alicheka, akasema, "Mjomba, siku hizi hakuna haja ya kabureta." Baada ya miezi miwili akaniletea kasha. Ndani yake mlikuwa na mtambo wa kunyunyiza petroli kwa umeme, pampu ya petroli, kompyuta ndogo ndani ya kisanduku cha bati, kioo kidogo cha kusomea, vitambuzi kadhaa, na fundo la nyaya kama utumbo wa mbuzi. Pamoja navyo palikuwa na mtambo wa cheche wa kuondoa pointi za zamani ndani ya distribyuta.

Mtambo huu hufanya kazi hivi. Vitambuzi, ambavyo mafundi huviita sensa, huiarifu kompyuta hali ya injini: joto la maji, joto la hewa, mkandamizo wa hewa, mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani, na injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kitambuzi kimoja hukaa ndani ya bomba la ekzosi, kikanusa kama moshi umebakiza oksijeni au haukubakiza. Kompyuta hukusanya habari hizo, ikaamua nozeli zifunguke kwa muda gani, maana kwa uzani kila sehemu 1 ya petroli huhitaji sehemu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Tena ikaamua cheche ya plagi itoke saa ngapi. Haya yote huyafanya mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Msidhani kunyunyiza petroli ni jambo geni Afrika Mashariki. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na msaidizi wake Chris Rothwell, walishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404 isiyokuwa na kabureta. Lakini mtambo wa gari lile ulikuwa wa pampu na vyuma vitupu. Wa umeme ulianza kuenea duniani baadaye, na humu Kenya ukajaa pamoja na magari yaliyotumika ya Japani, yaliyomiminika tangu miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo fundi wa leo wa jua kali anaujua mtambo wa umeme kuliko anavyoijua kabureta. Shida huja pale vitu viwili vinapooana: mwili wa mwaka 1976 na ubongo wa zama hizi. Hapo kitabu cha gari hakisaidii, na kitabu cha mtambo hakilijui gari.

ASUBUHI YA KUOSHA INJINI

Nililipeleka gari katika gereji moja ya Kawangware, si mbali na barabara ya Naivasha. Kawangware anayoijua mgeni ni ile ya mahindi ya kuchoma, mitumba na magari ya nambari 46. Nyuma ya hayo kuna viwanja vya mafundi ambako gari hunyooshwa, hupakwa rangi na kuvunjwa vipande, yote chini ya jua. Mtambo ulifungwa kwa siku nne. Kazi ndogo ndogo zote zilifanywa na mwanagenzi mmoja, kijana wa miaka kama kumi na tisa, mpole, mwenye mikono mepesi.

Kwa majuma mawili gari lilikwenda kama lililozaliwa upya. Kisha nikalirudisha likaangaliwe bolti. Asubuhi ile yule kijana aliiosha injini kwa mpira wa maji. Alasiri, jua likiwa kali na foleni ndefu, gari likazimika katikati ya barabara.

Mwenye gereji hakukawia. Alifunua boneti, akatazama kisanduku cha kompyuta kilichofungwa kando ya betri, akasema, "Maji yameingia. Huyu kijana ameiua kompyuta, mzee." Kijana akasema alikuwa ameifunika kwa karatasi ya nailoni kabla ya kumwaga maji, na kwamba alianza kwa kuifunga vizuri. Hakuna aliyemsikiliza. Nikaulizwa mimi nasemaje, maana mali ni yangu. Nikajibu, "Nyinyi ndio mafundi." Neno hilo lilionekana la adabu. Kwa hakika lilikuwa neno la mtu anayeosha mikono. Kijana akaambiwa aende zake, na mshahara wake wa mwezi ukakatwa kwa hesabu ya hasara.

Mpwa wangu akaleta kompyuta nyingine. Ikafungwa. Siku ya pili gari likazimika tena.

Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza: ikiwa kompyuta mpya, isiyoguswa na tone la maji, nayo inazima, je, ile ya kwanza ilikufa kweli? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshughulika kulikasirikia gari, nisipate nafasi ya kumfikiria mtu. Tukabadili koili. Tukabadili plagi. Tukabadili pampu ya petroli. Kila mara ugonjwa ulikuwa ule ule: asubuhi huwaka kwa mguso mmoja, huenda vizuri dakika kumi na tano au ishirini, kisha huzima ghafla. Ukilipumzisha nusu saa huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Fedha zilizopotea sipendi kuzihesabu.

MASWALI KABLA YA SPANA

Rafiki yangu mmoja akanishauri nishuke Kibera, upande wa Makina, kwa fundi mmoja wa makamo yangu. Wengi wetu pwani tukisikia Kibera hufikiri mabati na matope tu. Twasahau kuwa mji huo ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa askari wa Kinubi waliotoka Sudan, Waislamu, waliopewa mahali pa kukaa baada ya kulitumikia jeshi la Mwingereza, na jina lake latokana na neno lao Kibra, maana yake msitu. Wajukuu wao walingoja hadi mwaka 2017, yapata karne nzima, ndipo wakapewa hati ya ardhi ya ekari 288. Fundi wangu ni mmoja wa wajukuu hao. Nilimkuta akitoka kuswali adhuhuri katika Msikiti wa Makina. Gari langu lilikuwa limevutwa kwa kamba.

Nilitaraji atachukua spana. Badala yake alivuta kibao, akaketi, akaanza kuniuliza.

"Ustadh, likizima huzima ghafla kama aliyefunga swichi, au hukohoa kwanza likafa polepole?"

"Ghafla."

"Na kile kioo kidogo cha kompyuta, hubaki kinawaka?"

Nikafikiri. "Hufumba na kufumbua."

"Basi tusiihangaikie petroli," akasema. "Petroli ikikosekana gari hukohoa, hupungua nguvu, ndipo likafa. Linalokatika kama uzi limekosa umeme. Na kioo kikifumba, kompyuta yenyewe imenyimwa umeme kitambo kidogo. Sasa niambie, kabla ya kuzima, husikia nini?"

Sikuwa na jibu. Miezi mitatu nililisikiliza gari lile nisilisikie.

Akachukua mita ya umeme. Kwanza akapima betri injini ikiwa imelala: volti 12.6, betri njema. Akawasha: volti 14.1, jenereta inachaji. Kisha akafanya jambo ambalo sikuliona gereji yoyote niliyopita. Ncha moja ya mita akaiweka kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili akaiweka pale ulipofungwa waya wa ardhi wa kompyuta, kwenye bati la mwili wa gari. "Hapa," akasema, "panatakiwa pasiwe na kitu. Ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, kuna mlango umefungwa njiani." Mita ikasoma karibu na sufuri. Akaniambia tungoje.

Tukangoja injini ikapata moto. Baada ya robo saa nikasikia mvumo mbele ya rejeta. Ni ile feni ya umeme tuliyoiongeza siku ya kufunga mtambo, inayojiwasha maji yakipata moto. Mara ile ile mita ikaruka hadi karibu volti 2, kioo kikafumba, na gari likazima.

Fundi akatabasamu. "Ndiye huyo."

Alinionyesha. Feni na kompyuta zote mbili zilikuwa zimefungwa ardhi yake kwenye mwili wa gari, tena juu ya rangi. Mwili wenyewe unaungwa na injini kwa mkanda wa shaba uliosukwa, na mkanda ule wa mwaka 1976 ulikuwa umeliwa na chumvi ya bahari ukawa kijani, umebakiwa na nyuzi chache. Feni ilipoanza kuzunguka ilivuta umeme mwingi kwa ghafla. Umeme huo ulitaka njia ya kurudi, njia ikawa finyu, kompyuta ikabanwa pumzi ikazirai. Gari likapoa, feni ikanyamaza, njia ikatosha tena. Kila mtu alisema, "Likipata moto huzima," akatafuta kinachoharibika kwa joto. Joto halikuharibu kitu. Joto lilimwita feni tu.

ISNADI YA NYAYA

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikumbuka chuoni. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alitufundisha kuwa hadithi ya Mtume haipokewi kwa uzuri wa maneno yake. Hutazamwa kwanza isnadi, mlolongo wa wasimulizi. Nani kamwambia nani? Je, walikutana? Je, alikuwa na hifadhi nzuri? Je, ni mkweli? Akiwa mmoja katikati ni dhaifu, hadithi hupata udhaifu. Na mlolongo ukikatika, huitwa munqatii, iliyokatika.

Kompyuta ya gari ni kama kadhi aliyefungiwa chumbani. Hajaiona injini hata siku moja. Hukumu yake yote yategemea wasimulizi, nao ni vitambuzi, na njia waliyopitia, nayo ni nyaya. Wasimulizi wakisema kweli na njia ikiwa nzima, hukumu huwa sawa. Mmoja akisema uongo, kadhi atahukumu vibaya kwa nia njema. Na watu wa nje watasema kadhi ni mbovu, abadilishwe. Ndivyo tulivyofanya.

Fundi alikwangua rangi mpaka bati likang'aa, akafunga mkanda mpya mnene kati ya mwili na injini, na waya wa ardhi wa kompyuta akaupeleka moja kwa moja kwenye kichwa cha betri. Feni ilipowaka tena, mita haikutikisika.

Nikadhani kazi imekwisha. Akasema, "Bado. Kanyaga mafuta." Injini ilipofika mizunguko elfu tatu ikaanza kukatakata. Sikio lilisema elfu tatu, lakini kioo kikaruka kikasema elfu sita na mia kadhaa, kisha elfu mbili, kisha elfu saba. "Huyu ni msimulizi mwingine," akasema. Waya mwembamba unaochukua habari ya mzunguko kutoka distribyuta ulikuwa umefungwa pamoja na nyaya za plagi, kwa unadhifu, kama mzigo wa kuni. Nyaya za plagi huchukua maelfu ya volti, na zangu zilikuwa za zamani, za shaba tupu ndani, ambazo hupiga kelele ya umeme kote zilikopita. Waya mwembamba ukaisikia kelele ile ukaichukua kuwa ni habari. Ni kama mtu anayenong'ona katikati ya ngoma. Dawa yake ikawa kuutenga ule waya, kuupitisha upande wa pili wa injini, na kutia nyaya za plagi zilizotengenezwa kuzuia kelele hiyo.

Mwisho akakagua cheche. Distribyuta ya zamani ina vyuma vidogo ndani ambavyo hufunguka injini ikienda mbio, ili kuiwahisha cheche. Kompyuta nayo huiwahisha. Mambo mawili yakifanya kazi moja, cheche hutoka mapema mno na injini hugonga hata ikatoboa pistoni. Akahakikisha vyuma vile vimefungwa visicheze, kisha akamulika alama ya puli kwa taa ya taimingi, aone kama cheche inayodaiwa na kioo ndiyo inayotoka kwa kweli. Zilikuwa sawa.

MENGINE ALIYONIFUNZA

Pale kiwanjani palikuwa na Datsun moja ya mizigo, nayo imetiwa mtambo kama wangu. Ilikuwa ikinywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, na mwenyewe alikwisha kununua nozeli mpya. Fundi akanionyesha ufa mdogo wa ekzosi, juu ya kile kitambuzi kinachonusa oksijeni. Hewa ya nje huingia kwa ufa ule, kitambuzi kikaisikia, kikaripoti kuwa petroli ni kidogo. Kompyuta ikaongeza petroli. Kitambuzi hakikusema uongo, kilisema alichokinusa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza hewa ile imetoka wapi.

Akanipa pia mtihani mwepesi ambao kila msomaji mwenye mtambo huu anaweza kuufanya bila chombo chochote. Fungua swichi, usiwashe injini, usome mkandamizo wa hewa kwenye kioo. Mombasa utaona kama kilopaskali 101. Nairobi utaona kama 83. Ukiwa Kibera nacho kikasema 101, msimulizi huyo usimwamini. Na asubuhi mapema, kabla gari halijawashwa, joto la maji na joto la hewa lazima yakaribiane, maana vyote vililala usiku mmoja. Yakitofautiana sana, mmoja wao ni mwongo.

Alhasili, utaratibu wake ni huu. Kwanza uliza maswali. Pili pima betri na jenereta. Tatu pima ardhi, huku kila kinachovuta umeme kikiwa kimewashwa. Nne tazama nyaya zimepita wapi. Tano pima presha ya petroli kama mtambo wako unavyotaka, tena injini ikiwa na moto. Sita wahoji wasimulizi mmoja mmoja. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujue kilichoponya. Kompyuta ni ya mwisho kabisa, kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo hufa kwa nadra. Sisi tulianzia mwisho.

DHIMA

Nilipokuwa nikitoa fedha mfukoni, fundi akaniuliza, "Na ile kompyuta ya kwanza iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya buti, imefungwa kwa gazeti. Akaichukua, akaifunga mahali pa ile ya pili, akawasha. Tukapanda barabara ya Ngong, tukaenda na kurudi kwa dakika arobaini, feni ikiwaka na kuzima, taa zote zikiwaka. Gari halikukohoa.

"Hii ni nzima," akasema. "Nani alisema imekufa?"

Nikamweleza habari ya kijana. Akanyamaza kitambo, akifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, "Basi Ustadh, gari lako limepona. Lakini wewe bado una kazi."

Mafakihi wana kanuni ambayo mtoto wa chuoni huisoma mapema: asili ya mtu ni kuwa dhima yake ni safi. Hatwikwi deni wala kosa ila kwa ushahidi, na yakini haiondolewi kwa shaka. Nilikuwa naijua kanuni ile tangu utotoni. Siku ya Kawangware ushahidi ulikuwa nini? Kwamba maji yalimwagwa asubuhi na gari likazima alasiri. Hilo ni jambo kufuatana na jambo. Hakuna aliyeweka mita. Na kompyuta ya pili ilipozima, shaka iliyomtia kijana hatiani ilikuwa imevunjika mbele ya macho yetu, wala hakuna aliyemrudia.

Nilimtafuta siku tatu. Nikampata akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, karibu na soko. Alinitambua, akasimama, akadhani nimekuja kumdai. Nikamwambia, "Mwanangu, kompyuta ilikuwa nzima. Haikuingia maji. Nilikukosea, nataka radhi yako." Nikatoa mshahara wake ule uliokatwa, na kiasi kingine cha miezi aliyokaa bila kazi.

Aliutazama mkono wangu asiupokee mara moja. "Pesa ni sawa, mzee," akasema. "Lakini kule gereji walisikia wote. Nani atawaambia?"

Sikuwa nimelifikiri hilo. Nilidhani aibu yangu itakwisha pale pale sokoni, kati yetu wawili. Basi tukaenda pamoja. Nikasimama mbele ya mafundi na wanagenzi wote, nikaeleza habari ya feni, mkanda wa shaba na rangi, nikasema kijana huyu alisema kweli na mimi nilinyamaza. Mwenye gereji aliinamisha kichwa. Akasema kila fundi hukosea, na hilo ni kweli. Akasema kijana arudi Jumatatu. Kijana akamshukuru kwa adabu, asiseme ndiyo wala la.

Tulipotoka nje aliniuliza jambo moja tu: "Yule fundi wa Kibera, huchukua wanagenzi?"

Jumamosi nilimpeleka Makina kwa gari la marehemu baba. Alikaa kiti cha mbele, na feni ilipovuma aliinamisha sikio kuisikiliza. Jina lake silitaji, hakuniruhusu. Lakini waliosikia akilaumiwa, kama ni wasomaji wa gazeti hili, watajijua. Yeye nimemtungia ubeti huu mmoja, auweke pamoja na mita yake:

Fundi mwenye jicho jema, hafungui kwa ghururi,
Huanzia kwenye chuma, waya ukae vizuri,
Habari zikisimama, ubongo hutoa kheri,
Hujui usichopima, hata ukiwa hodari.